Konsoli ya Kutoka Norwe

Mashua haina kazi yoyote Makongeni, hapa Nairobi. Maji ya karibu ni ya mfereji wa uani, na yakikosekana hayo kuna Mto Ngong, ambao siku hizo hata vyura walikuwa wameuhama. Kwa hiyo Naftaly Gichuru alipokata kona nyuma ya nyumba za reli Jumamosi moja asubuhi, akakuta mashua nyeupe imekaa juu ya matofali na kuku wanataga chini yake, ungetarajia ashangae. Hakushangaa. Alisimama, akanyoosha tai, akamshukuru Mungu. Gichuru hakuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa na adabu ya kushukuru kila alipoonyeshwa mjinga.

Niseme mapema alikuwa mtu wa namna gani, maana kuna watu huku Eastlands wanaomsifu mpaka leo kana kwamba alikuwa bingwa wa kitu fulani. Bingwa wa nini? Alikuwa na suti moja ya kijivu, viatu vilivyong'aa kuliko maisha yake yote, na mkoba wa ngozi wa Kariokor ambao ndani yake mlikuwa na gazeti la wiki iliyopita na nusu mkate. Alikuwa ameuza ploti moja ya Njiru kwa watu wengi hivi kwamba yeye mwenyewe hakuweza kukumbuka ni akina nani, na ploti yenyewe ilikuwa ya kanisa. Hiyo ndiyo sifa yake, tena nimemtilia chumvi kidogo.

Ila mwaka huo, mwanzo mwanzo wa miaka ya themanini, Gichuru alikuwa amechoka. Umri ulikuwa umempita arobaini, goti la kushoto lilimuuma kila akikimbia, na kazi yake ilikuwa ya kukimbia sana. Alitaka kutulia. Kule Kiamaiko kulikuwa na mama mmoja Mborana anayeitwa Raho, mwenye banda la kuchinjia mbuzi, na Raho alikuwa anarudi kwao Isiolo. Alimwambia Gichuru kwamba banda, visu, kamba na wateja wa hoteli vingekuwa vyake akileta pesa zote Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Asipoleta, yuko mtu mwingine anayengoja. Gichuru alikuwa na nusu, ameishonea ndani ya bitana ya koti. Nusu ya pili ilikuwa bado imo mifukoni mwa watu. Kila akifumba macho alijiona amesimama mlangoni pa banda lake, amevaa koti jeupe, watu wanamwita mwenye bucha na hakuna anayemkimbiza. Ndoto hiyo ndiyo iliyomleta nyuma ya nyumba za reli, na tusimwonee huruma, kwa sababu ndoto za wengine hakuwahi kuzihurumia hata kidogo.

Kando ya mashua wanaume wawili walikuwa wanagombana. Mmoja alikuwa mnene, mwenye kofia ya kazi ambayo hakuwa na kazi nayo tena. Huyo alikuwa Nahashon Otiende, mwenye mashua, dereva wa garimoshi aliyestaafu na ambaye reli ilikuwa imempa miezi michache ahame nyumba yake. Mwingine, mwembamba na mkavu, alikuwa Dishon, shemeji yake, karani wa baraza la jiji. Walikuwa wanagombania kitu kinachoitwa konsoli. Gichuru hakuwa amelisikia neno hilo tangu azaliwe. Akasimama kando akajitia anatazama kuku, na kabla hawajamwona alikuwa amelijua vya kutosha kuwafundisha wao.

Mambo yalikuwa hivi. Kule Kendu Bay, kando ya ziwa, kwao Nahashon, mtu huendesha mashua akiwa amekaa nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye injini, shingo imepinda. Konsoli ni kama kabati refu linalosimamishwa katikati ya mashua. Lina usukani kama wa gari, lina kioo cha kuzuia upepo, na mwenye kuendesha husimama nyuma yake wima, watu wote wakimwona. Nahashon alikuwa ameiona picha yake kwenye gazeti moja la Wazungu, na tangu siku hiyo usingizi ulimruka. Alikuwa ameendesha garimoshi maisha yake yote, na katika maisha hayo yote hakuwahi kukata kona hata moja kwa mkono wake, maana garimoshi halina usukani, linakwenda reli inakokwenda. Sasa amepata mashua kwenye mnada wa Mzungu aliyekuwa anahama, na anataka kurudi nyumbani akiwa amesimama, ameshika usukani, ufuo wote umetoka kumtazama. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

Dishon alisema konsoli ijengwe. Plaiwudi, skrubu, rangi, basi. Nahashon alisema ya kujengwa itaonekana ni ya kujengwa, na watu wa nyumbani wana macho na midomo. Yeye alitaka ya kununua, ya ng'ambo, yenye kibati cha jina la kampuni. Dishon akamwambia pesa za kununua kitu kama hicho zingeweza kumaliza ng'ombe wa mahari ya dada yake, ambao ukoo bado unawasubiri. Hapo mambo yakaharibika, maana ng'ombe hao huwa hawatajwi mbele ya watu.

"Samahani wazee," Gichuru akasema, na akaigonga mashua kwa kidole kama daktari anayegonga kifua. "Hii ni fiberglasi ya Norwe au ya Uingereza?"

Nahashon alisema hajui.

"Ni ya Norwe. Na Mnorwe ukimwekea konsoli ya plaiwudi, inapasuka katikati ya maji. Nimeona watu wakizama, mzee wangu. Watu waliosema wanajenga."

Maji mengi kuliko yote ambayo Gichuru aliwahi kuyaona kwa macho yake yalikuwa ya Nairobi Dam, na hata hayo aliyatazama akiwa mbali. Lakini Nahashon alimgeukia shemeji yake kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi, na kutoka hapo kazi ikawa rahisi. Gichuru akajitambulisha kuwa mkurugenzi wa kampuni inayoagiza vyombo vya majini kupitia Mombasa. Akasema kwa bahati tu, bahati ya Nahashon peke yake, iko konsoli moja bandarini ambayo mwenye kuiagiza alifariki kabla ya kuichukua. Akiilipia sehemu sasa, itafika katikati ya wiki.

Mke wa Nahashon, Roseline Apondi, alikuwa anafua nguo hapo karibu. Alikuwa mwanamke mkimya, mwekahazina wa akina mama kanisani, na tangu mgeni aanze kumwaga maneno hakuwa ameinua kichwa. Sasa akakiinua. Akauliza swali moja tu, itafikaje Nairobi.

"Kwa garimoshi, mama. Gari la mizigo. Nitaipokea stesheni mimi mwenyewe."

Apondi akasema ni vizuri, akarudi kwenye nguo zake.

Hapa lazima nipumzike nimcheke mtu huyu. Angesema inakuja kwa lori. Angesema kwa ndege, au kwa punda kupitia Kibwezi. Uongo wote wa duniani ulikuwa umelala mbele yake achague. Naye akachagua garimoshi, akaenda kuwaambia watu wa Makongeni, mahali ambapo kila mlango una mtu wa reli. Huyu hupokea mizigo, yule hufungua mabehewa, wa pale mwisho hupunga bendera. Msumari hautoki Mombasa kuja Nairobi bila mtu wa Makongeni kuushika. Na Gichuru alikuwa amezaliwa Jericho, hapo hapo tu, si mtu wa kusema alitoka mbali hakujua. Mtu akishajiona mjanja sana huacha kuwauliza wengine wanafanya kazi gani.

Nahashon aliingia ndani akatoka na bahasha. Dishon alimtazama dada yake akitumaini atapiga kelele. Apondi hakupiga kelele. Alikamua shati la mumewe taratibu mpaka tone la mwisho, akalianika, na Gichuru akaondoka na bahasha akijisemea kwamba wanawake wa kanisani ni wapole sana.

Basi yule aliyewahubiria watu ubaya wa kujenga alipiga hatua moja kwa moja hadi Gikomba kwenda kujenga. Kulikuwa na seremala wake huko, Ndung'u, aliyetengeneza vitanda na majeneza kwa mbao zile zile. Gichuru alimchorea kwenye ukingo wa gazeti. Ndung'u aliuliza ni nini hiki, akaambiwa ni mimbari ya mhubiri anayependa magari. Hakuuliza tena, Gikomba huja maombi ya ajabu kuliko hayo. Akabomoa makasha ya chai, akaunganisha, akapiga msasa. Usukani ulitoka kwenye gari la Anglia lililokufa, kioo kilitoka kwenye dirisha la choo cha mtu, na ile saa ya kuonyesha mwendo ilitolewa kwenye Peugeot, ikiwa tayari kuonyesha kasi ambayo ingeirusha mashua kutoka Kendu Bay hadi Uganda kabla ya chai. Juu ya yote akapaka rangi nyeupe mara mbili. Mchonga funguo akachonga kibati kilichosema NORWE, na Gichuru akakipigilia mwenyewe kwa misumari midogo ya viatu. Kazi nzima ilikula sehemu ndogo tu ya pesa za bahasha. Zilizobaki zikaingia kwenye bitana pamoja na zile nyingine.

Alipoipeleka Makongeni, Nahashon alivua kofia kama mtu aliyeingizwa mbele ya askofu. Wakaishusha chini karibu na mashua. Akasimama nyuma yake, akaushika usukani, akaukata kushoto, akaukata kulia. Kuku wakahama. Alipotaka kuondoa mikono, vidole vilikuwa vimeganda kwenye rangi, na Gichuru akaeleza kwamba hayo ni mafuta ya kuzuia chumvi ya baharini, yatakauka yakishazoea hewa ya bara. Nahashon akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kuna watu ambao hata ukitaka kuwaokoa hujui uanzie wapi.

Apondi naye akaja, akaizunguka, akainusa. Akamuuliza Gichuru kama safari ilikuwa njema. Gichuru akasema njema, ila gari la mizigo lilichelewa Voi. Apondi akasema pole. Wiki ile gari la mizigo halikuchelewa Voi wala popote, na jirani wa mlango wa pili, aliyeyapokea mabehewa yote, alikuwa ameshamwambia Apondi kila kitu kilichokuwamo. Palikuwa na saruji, palikuwa na magunia ya chumvi na baiskeli. Ila Gichuru hakuwa na habari hiyo, na Nahashon pia hakuambiwa, kwa kuwa hakuwa na uso wa kufichia siri.

Halafu Gichuru akaulizia pesa zilizobaki. Apondi akainama kidogo, kwa haya, akasema nyumba haina kitu, malipo ya kustaafu yamekwama ofisini. Lakini wana njia. Wangefanya harambee Jumapili baada ya ibada, hapo hapo uani, na Bwana Mkurugenzi awe mgeni wa heshima. Wangeiuza konsoli kwa mnada wa kanisani. Wangekuja watu wa reli, watu wa Kaloleni, makarani wa jiji, kila mtu na majivuno yake. Chochote kitakachoingia kwenye karai ndicho kitakuwa bei ya konsoli.

"Chote?" Gichuru akauliza.

"Chote, baba. Mpaka senti ya mwisho. Karai lote ni bei ya konsoli."

Gichuru akamtaka arudie maneno hayo mbele ya mhubiri, na Apondi akayarudia mbele ya mhubiri, neno kwa neno. Tamaa ilimpanda Gichuru mpaka masikio yakawa moto. Jumapili ndiyo harambee, Jumatatu ndiyo siku ya Raho. Alienda zake akipiga mluzi barabara yote ya Jogoo.

Jumapili ikafika. Uani pakafungwa turubai, pakawekwa viti vya kanisa na meza yenye soda na maua ya karatasi. Kwaya ikaimba. Dishon, aliyekuwa amepewa kipaza sauti, akamtambulisha mgeni wa heshima kwa sauti iliyosikika mpaka Kaloleni, mkurugenzi, tajiri, rafiki wa ziwa. Gichuru akasimama akapunga mkono. Nakwambia alikipenda kile kiti. Watu wote aliowahi kuwalaghai walikuwa wamempa pesa, lakini hakuna aliyewahi kumpa kiti chenye kitambaa.

Mnada wa kanisani una taratibu zake, na Apondi alizieleza kabla ya kuanza ili mtu asije akasema hakujua. Kila anayeongeza bei hutia karaini papo hapo kile alichoongeza. Atakayekuwa wa mwisho huulizwa kama anachukua au anarudisha. Muungwana hurudisha, kitu kiuzwe tena, karai liendelee kujaa. Wakaanza na kuku. Bwana mmoja wa kupunga bendera akamnunua, akamrudisha. Mama mmoja akamnunua, akamrudisha. Yule kuku aliuzwa mara nyingi hata akasinzia mezani, na karai likawa na noti zinazochungulia ukingoni. Gichuru aliyatazama yote hayo kama mtu anayetazama mshahara wake ukipikwa.

Kisha wanaume wakaiinua konsoli wakaiweka juu ya meza. Watu wakashangilia. Wazee wa reli wakaongeza kidogo kidogo, huyu kwa heshima, yule kwa kushindana na jirani. Halafu Dishon akakiweka chini kipaza sauti, akatia mkono mfukoni na kusema yeye ndiye aliyepinga kununua, na leo anataka watu wamwone akinunua. Akatia noti ya mia.

Gichuru akapiga hesabu haraka, na hesabu yenyewe ilikuwa nzuri sana. Kila noti ya Dishon ni yake. Kila noti ya kwake mwenyewe akiitia karaini inamrudia, ni kama kuitoa mfuko huu kuitia mfuko ule. Kwa hiyo akimchokoza huyu karani kwa kuongeza, karani ataongeza tena, na Jumatatu banda ni lake na salio la kununulia mbuzi wa kwanza. Akasimama akatia mbili. Akina mama wakapiga vigelegele. Dishon, uso umekunjamana, akatia moja. Gichuru akatia tatu. Dishon akaketi.

Hilo halikumfaa Gichuru hata kidogo. Akamcheka kwenye kipaza sauti, akauliza kama baraza la jiji hulipa watu kwa mboga. Watu wakacheka, Dishon akainuka kwa hasira, akakopa kwa jirani, akatia tena. Sasa mifuko ya Gichuru ilikuwa mitupu. Akavua koti mbele ya kwaya na mhubiri, akalipindua, akachukua kizibuo cha soda, akaanza kufumua bitana. Alitoa noti za ploti ya Njiru, noti za Nahashon, noti za miaka yote ya kukimbia na goti bovu, akaziweka karaini mafungu kwa mafungu, kila fungu akimtazama Dishon aone kama atameza. Dishon alimeza kidogo, kidogo tu, ya kumtia hamu. Mwishowe akainua mikono akasema ameshindwa, mgeni ni simba.

Makofi yakapigwa. Gichuru alisimama katikati ya uwanja na koti lililopasuliwa, jasho likimtiririka, na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Apondi akasogea na kipaza sauti.

"Mgeni wetu, unachukua au unarudisha?"

Alikuwa anataka kusema anarudisha. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini akafikiri tena, na kufikiri tena ndiko kulikommaliza. Akirudisha, ni nani mwingine wa kuongeza? Dishon amekauka. Karai ni lake, hilo lilishasemwa mbele ya mhubiri. Sasa kama karai ni lake, na konsoli pia ameinunua yeye, kwa nini asiondoke na vyote viwili? Naivasha kuna Wazungu wenye mashua. Konsoli moja huuzwa mara ngapi? Ploti moja ya Njiru ilikuwa imemfundisha.

"Nachukua," akasema.

Kisha Apondi akamshukuru, mhubiri akaomba sala ya kufunga, watu wakasema amina, na vijana wa kwaya wakaja wakamtwika Gichuru konsoli begani bila kumwuliza. Alikwenda nayo hivyo hivyo mpaka kwenye meza, akanyoosha mkono wa pili kuchukua karai. Apondi alikuwa ameliweka mapajani.

Gichuru akamkumbusha makubaliano, kwa upole, maana watu wa reli walikuwa wamesimama karibu na walikuwa na mikono mikubwa. Alisema karai ni lake.

"Tulisema karai ni bei ya konsoli," Apondi akajibu. "Konsoli iko wapi?"

Gichuru akaitazama konsoli iliyokuwa begani mwake.

"Umeinunua wewe, unaenda nayo nyumbani kwako. Sasa nikulipe kwa kitu ulichobeba? Mhubiri, wewe umewahi kusikia mtu akiuza kitu, akakibeba, akadai bei?"

Mhubiri akasema hajawahi. Gichuru akasema basi anarudisha. Apondi akamwambia mnada ulishafungwa kwa sala, na sala haifunguliwi. Dishon akaongeza kwamba kama Bwana Mkurugenzi ana malalamiko, kule stesheni wana afisa wa mizigo anayetamani sana kujua konsoli hii iliingia behewa gani.

Nadhani hapo ndipo Gichuru alipofahamu. Rangi ya uso ilimtoka kabla ya rangi ya konsoli. Akasema kwa sauti ndogo kwamba angesema anarudisha tangu mwanzo wangelazimika kumlipa karai zima.

"Tungekulipa, baba. Neno letu ni neno," Apondi akasema. "Lakini nilikuangalia tangu siku ya kwanza. Wewe si mtu wa kurudisha."

Akainuka akaingia ndani na karai. Kabla jua halijazama, kila mtu wa Makongeni na wa Kaloleni alikuwa amerudishiwa alichotoa, hata yule mama wa kuku. Kilichobaki ndani ya karai kilikuwa cha Gichuru peke yake. Kilitosha kulipia plaiwudi, skrubu, rangi na injini mpya, na ng'ombe wa mahari wakasonga mbele pia. Dishon alianza kujenga wiki hiyo hiyo. Katika watu wote aliyelia alikuwa Nahashon peke yake, ambaye alisimama kwenye kona ya nyumba akitazama konsoli yake ya Norwe ikiondoka, na hata baada ya kuelezwa yote alisema kwamba ile nyingine haitakuwa na kibati. Mwacheni.

Gichuru alikesha usiku mzima akitafuta njia, na asubuhi akaona iko moja. Akamkodi mtu wa mkokoteni, akamwambia atalipwa wakifika. Wakaisukuma konsoli kutoka Jericho mpaka Kiamaiko, yeye mbele na suti ya bitana inayoning'inia, watu wakitoka madukani kuuliza ni gari la aina gani hilo. Alikuwa na mpango. Angemwambia Raho hii ni mashine ya kisasa ya kuhesabia mbuzi, kutoka ng'ambo, thamani yake ni zaidi ya banda. Alifanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima.

Raho alikuwa mlangoni pa banda na kisu mkononi, mbuzi wamefungwa nyuma yake. Akamsikiliza Gichuru mpaka mwisho, maana alikuwa mama mwenye adabu. Akaizunguka konsoli. Akaukata usukani kushoto, ukatoka wote, akabaki nao mkononi. Akamrudishia. Akamwambia yule mtu mwingine alikuja alfajiri na pesa kamili, wameshamalizana, na yeye anaondoka kesho.

Mtu wa mkokoteni akauliza malipo yake. Gichuru akapapasa mifuko yote, hata ile ambayo alijua haina kitu. Yule mtu akautwaa usukani kutoka mkononi mwa Gichuru, akautupia juu ya konsoli, akaugeuza mkokoteni wake na kuondoka na vyote, akisema mbao hizo zitamfaa kuku wake.

Gichuru akabaki amesimama kwenye vumbi la Kiamaiko. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa mahali bila kitu cha kuuza na bila mtu wa kumkimbiza. Ndani ya banda mbuzi mmoja mkubwa alikuwa ameanza kuwashinda wachinjaji, anapiga mateke, na Raho akatoa kichwa nje akamtazama Gichuru kwanza miguu, halafu mabega.

"Unaweza kushika miguu ya nyuma?" akauliza. "Mwenye banda mpya anatafuta mtu. Analipa jioni."

Gichuru akavua koti, akatafuta mahali pa kulitundika, na alipokosa akaliweka chini.